Meza Isiyotaniwa

Mimi ni mchora mabango. Kibanda changu kiko Majengo, karibu na mashine ya kusaga, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimeandika majina ya maduka, bei za mbolea, matangazo ya harambee na maonyo ya kutokojoa ukutani. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejisomea, na nimejisomea kwa utaratibu: nikimaliza kitabu sifungui kingine kabla sijamweleza mke wangu, kwa maneno yangu mwenyewe, kile nilichokimaliza. Akisema hajaelewa, narudia. Kwa njia hiyo nimesoma karibu kila kitabu cha historia ya nchi hii kilichowahi kufika maktaba ya parokia au kutandazwa chini sokoni. Nilidhani kwa kusoma hivyo nimeijua nchi. Siku moja ukumbini pale mjini ilinitosha kuona kwamba kuna jambo kubwa kuhusu sisi ambalo sikuwahi kulikuta kwenye ukurasa wowote.

Kamati ya maonyesho iliniita niandike kadi za maelezo. Mwenyekiti wake ni mwalimu mstaafu, mtu aliyefundisha nusu ya watu wazima wa mji huu, na ambaye hata leo akikusalimia unajikuta unasimama wima. Alinieleza mpango wake tukiwa tumesimama katikati ya ukumbi mtupu. Wachoraji, wachongaji, wafinyanzi na wasusi wa mkoa wangeleta kazi zao. Kila kabila lingepewa meza yake na kipande chake cha ukuta. Kazi hizo zingeonyesha lilikotoka na lilivyoingia katika taifa.

"Na baada ya maonyesho?" nikamuuliza.

"Baada ya hapo ndiyo kazi yenyewe inaanza. Njoo huku."

Akanipeleka nyuma ya jukwaa. Kulikuwa na chumba kilichokuwa stoo ya viti. Walikuwa wamekipaka chokaa, wakaweka kabati za vioo na mlango mpya wa mninga. Kamati ingechagua katika kila meza kitu kimoja cha kubaki humo moja kwa moja. Shule zingeleta watoto.

"Mtoto wa Mpanda," alisema, "hana mahali pa kuingia akaona mwenyewe ametoka wapi. Sasa atakuwa napo."

Nilikubaliana naye kabisa. Nilipima ukumbi kwa futi kamba, nikachora mpangilio wa meza, nikakata manila ya kadi. Jioni nikawaeleza nyumbani tukiwa tunakula. Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na Katumba?"

Yeye amezaliwa Katumba. Mama yake, mama mkwe wangu, alikimbia Burundi mwaka sabini na mbili akiwa msichana mdogo, amembeba mdogo wake mgongoni. Mwaka uliofuata wakaletwa Katumba, ambako wakati huo hapakuwa na kijiji. Palikuwa msitu. Watu walipewa shoka na jembe, wakaonyeshwa miti. Ameishi pale tangu siku hiyo. Amelima mahindi na tumbaku, amezaa, amemzika mume. Uraia aliupata akiwa tayari ni bibi, na hata baada ya kuupata kulikuwa na miaka ambayo hawakujua kama wataruhusiwa kubaki pale pale au watatawanywa mikoani. Waliishi bila kujenga cha kudumu. Mpaka leo nyumba yake ina upande mmoja wa tofali za kuchoma na upande mmoja wa udongo, kwa sababu walisimama katikati kungoja kuambiwa.

Nilimjibu mke wangu kwamba sijui. Nilikuwa sijui kweli. Mpangilio niliouchora ulikuwa na meza ya Wabende, Wakonongo, Wapimbwe, Wafipa, Wasukuma na Wanyamwezi. Ulikuwa umepangika vizuri, na nafasi ya ukumbi ilikuwa imeisha.

Mama mkwe anasuka makapu ya kwao, yale yenye kifuniko kirefu kilichochongoka juu. Mke wangu alimpelekea habari, naye msimu mzima wa mvua akawa anasuka. Mahindi yalipoanza kukauka shambani akatuma neno nikalichukue kapu.

Nilikwenda kwa pikipiki yangu. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, kapu liko mbele yake limefunikwa kitenge. Nikamwamkia kwa kuinama pembeni, kama inavyompasa mkwe, nikakaa kwenye kigoda mbali kidogo. Alilifunua mwenyewe.

Lilikuwa kubwa kuliko makapu yake yote niliyowahi kuyaona. Kifuniko kikiwa juu yake lilifika kifuani kwa mtu aliyekaa. Alikuwa amelisuka kwa majani ya mbuga na nyuzi alizozifumua kwenye viroba na kwenye magunia ya zamani. Michoro yake ilizunguka kwa mikanda kutoka chini kwenda juu. Mkanda wa chini ulikuwa mweusi mtupu. Uliofuata ulikuwa na alama ndogo ndogo za watu wanaokwenda upande mmoja. Kisha kijani kilichosongamana, na ndani yake vipande vyeupe vyembamba, ambavyo aliniambia ni mashina yaliyokatwa. Kisha kahawia ya majani ya tumbaku yaliyotundikwa banini, kwenye kibanda cha kukaushia. Kifuniko kilikuwa cheupe mpaka nchani, hakina mchoro.

"Hapa juu, mama?"

"Hapo sijui bado," alisema. "Nimepaacha."

Kisha akaniuliza maswali yake, moja baada ya lingine, kama mtu aliyeyapanga.

"Mkwe, hicho chumba kina mlango?"

"Kina, mama. Wa mninga."

"Unafungwa?"

"Unafungwa."

"Na ufunguo anakaa nao nani?"

"Kamati."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Basi vizuri. Wenyewe wakishakifungia kitu pamoja na vya kwao, kimekuwa chao. Hawawezi tena kukiuliza kimetoka wapi."

Akanieleza kwa nini. Shuleni kwa wajukuu zake, watoto wa kijana wake anayeishi naye pale, kulikuwa na siku ya utamaduni. Watoto waliambiwa waje na mavazi ya kabila lao. Wengine walivaa kaniki na shanga, wengine ngozi, wengine walibeba mikuki ya miti. Wajukuu wake walikwenda na sare za shule. Mwalimu akawaweka kuwa watazamaji.

"Wajukuu zangu wa kwako wana pa kusimama, wanasimama kwenye kabila lako," alisema. "Hawa wa huku wananiuliza mimi, bibi, sisi ni nani, na mimi nawajibu nini? Nikisema Warundi, hawajawahi kuiona Burundi hata kwa mbali, na wala hatutakiwi tuseme hivyo. Nikisema Watanzania, mwalimu anasema hilo siyo kabila. Nataka siku moja wapelekwe pale Mpanda na shule yao, waambiwe, lile kapu pale ni la bibi yenu. Basi. Sitaki zaidi ya hapo."

Niliporudi mjini nilimwendea mwenyekiti. Nilikuwa nimepanga hoja zangu. Nilimweleza kuhusu kapu, nikaomba meza ya saba.

"Meza ipo," alisema mara moja. Sikutegemea. "Tutaibana pale karibu na mlango. Lakini kadi utaandika nini?"

"Yeye anaomba iandikwe Katumba."

"Katumba siyo kabila."

"Basi iandikwe Mtanzania."

Mwalimu akavua miwani. Hakukasirika. Aliniangalia kama anavyomwangalia mwanafunzi aliyekaribia jibu. "Humu ndani wote ni Watanzania, kijana wangu. Ndiyo maana tunaulizana kabila."

Nimeifikiria sentensi hiyo mara nyingi tangu siku ile, na kila nikiipima naona ni kweli. Hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Mwishowe alikubali, tukaandika "Katumba". Niliichora kadi hiyo kwa uangalifu kuliko zote, kwa rangi nyeusi na kivuli cha kahawia.

Siku ya maonyesho nilikodi bodaboda ya kumleta, kwa sababu mama mkwe hawezi kupanda nyuma ya mkwe wake akamshika kiunoni. Mimi nilitangulia na kapu nimelifunga nyuma kwa mpira, na yeye akafuata na dereva wake, mbali kidogo nisimtimulie vumbi. Alikuwa amevaa kitenge kipya. Alibeba na sahani ya karanga za kukaanga, kwa maana mke wangu alimweleza kwamba kila meza ingekuwa na chakula cha kwao cha kuonja.

Mke wangu hakumweleza sababu ya kile chakula, na simlaumu, kwa miaka aliyokaa kwetu ameshazoea. Kwetu hakuna anayefikiria kuieleza. Sisi wenyeji tulilelewa nayo. Watu wa makabila haya ni watani. Mtani anakuja mezani kwako, anakutukana, anatukana babu zako, anachukua chakula chako bila kuomba na kuondoka nacho akisema ni faini. Ukikasirika, wewe ndiye mkosaji. Akifa, unakwenda msibani kumzuia asizikwe mpaka ulipwe. Hivyo ndivyo watu wazima wa mkoa huu wanavyotambuana.

Ukumbi ulijaa mapema, na utani ulianza kabla mgeni rasmi hajafika. Kwenye meza ya Wapimbwe kulikuwa na picha kubwa ya viboko wa mtoni, kazi nzuri ya kijana mmoja wa sekondari. Mama mmoja wa Kifipa alisimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Mmewachora ili msisahau ladha?"

"Afadhali yetu sisi nyama," akajibu mzee wa Kipimbwe. "Nyie ugali wa ulezi umewatia weusi mpaka kwenye meno. Hebu cheka tuone."

Mama akacheka, akachota muhogo wa mzee akaenda zake. Kwenye meza yetu Wakonongo, Mnyamwezi mmoja alitumbukiza kidole kwenye chupa ya asali ya Ugalla akakilamba polepole. "Hii ni faini ya mwaka jana. Ya mwaka huu naifuata jioni."

Kelele kubwa zaidi zilikuwa kwa Wasukuma. Meza yao aliisimamia jirani yangu wa Majengo, mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu mrefu mwenye sauti ya kuitia mifugo, ambaye nimekaa naye kwa amani miaka yote tangu afike mjini. Alikuwa na vibuyu vya maziwa, ngoma, na mchoro wa fahali uliofunika nusu ya ukuta. Mzee mmoja wa Kibende alikuja akasimama mbele yake.

"Nyie rudini kwenu," mzee alisema, kwa sauti ya ukumbi mzima. "Mmekuja na ng'ombe wenu mmetumalizia majani, mmetumalizia maji, sasa mnataka na ukuta."

"Nirudi vipi, mzee? Binti yako ameshanizalia."

"Binti mrudishe. Ng'ombe waache."

"Mrudishe nani? Anavyokula vile, kwako utamweza?"

Watu waliinama kwa kucheka. Mzee akachukua kibuyu, akanywa mtindi mpaka ndevu zikawa nyeupe, akakirudisha bila shukrani. Nilimwona mwalimu amesimama jukwaani anatabasamu kwa furaha ya kweli. Alichokitaka kilikuwa kinatokea.

Meza ya karibu na mlango ilikuwa kimya. Watu walifika pale, siyo kwamba waliikwepa. Walifika, wakalitazama kapu, wengine kwa muda mrefu. Walisoma kadi. Kisha wakainama kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Hongera sana. Kazi nzuri kweli."

"Asante."

Wakapita. Sahani ya karanga ilibaki imejaa kama ilivyotoka Katumba. Nilikwenda nikachukua chache, kwa mikono miwili, kwa adabu, huku nikijua kwamba haisaidii kitu. Mkwe hamtanii mama mkwe. Katika ukumbi wote ule mimi ndiye niliyemfahamu, na mimi ndiye niliyekatazwa zaidi ya wote kumtukana.

"Mkwe," alisema bila kunitazama, "kule wanatukanana."

"Ndiyo, mama. Ni utani tu."

"Najua ni utani. Nina miaka mingi hapa." Akaisogeza sahani mbele kidogo, ukingoni kabisa mwa meza. "Hapa wananiamkia tu."

Nilikuwa nimesoma kuhusu sheria ya uraia, kuhusu katiba, kuhusu vijiji na siasa zake. Hakuna kitabu kilichoniambia kwamba mtu anaweza kuwa na haki zote na kuheshimiwa na kila anayepita, na heshima hiyo hiyo ikawa ndiyo ukuta.

Baada ya chakula cha mchana jirani yangu mfanyabiashara wa ng'ombe alimwona. Nilimwona anavyomwona. Alikuwa anapita kwenda nje, akasimama, akatazama sahani iliyojaa, akamtazama yule mama aliyekaa peke yake na mikono mapajani. Sura yake ilibadilika, ikawa ya huruma. Kisha akajinyoosha, akakaza sauti, akaufanya wema alioujua.

Alijaza mkono karanga. Akanyanyua kile kifuniko kirefu cheupe, akakivaa kichwani kama kofia, akageukia ukumbi.

"Na nyie watu wa Katumba, rudini kwenu," alisema. "Mmetujazia mji."

Ukumbi ulinyamaza. Haukunyamaza kidogo kidogo, ulikatika. Neno hilo lilikuwa limeshasemwa asubuhi, neno kwa neno, kwa mtu huyu huyu, na watu wakainama kwa kucheka. Lakini watu wa Katumba walishawahi kulisikia likisemwa kwa dhati, siyo mara moja, na kila mtu ukumbini alilijua hilo. Yeye mwenyewe alilijua alipokwisha kulisema. Alibaki amesimama na kifuniko kichwani, karanga mkononi.

Mama mkwe aliinuka. Nilidhani anaondoka. Akaweka mikono kiunoni, vile vile kama yule mama wa Kifipa, akanyanyua kidevu.

"Nitarudi, baba," alisema, kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo. "Nisimamishie kwanza ile miti yote niliyoikata. Niwaachie Katumba kama nilivyoikuta."

Lilikuwa jibu zuri. Lilikuwa zuri kuliko la mzee wa Kibende, kuliko yote ya siku ile. Angelisema Mfipa, au Mpimbwe, watu wangepiga meza. Mwanamke mmoja nyuma yangu alianza kucheka akaziba mdomo haraka kama mtu aliyecheka kanisani. Wengine walitazama chini. Mama mkwe alisubiri. Alisimama vile, mikono kiunoni, tabasamu usoni, akasubiri wacheke, na kadiri alivyosubiri ndivyo tabasamu lilivyomgharimu zaidi, mpaka nikaomba moyoni mwangu akae.

Mwalimu alichukua kipaza sauti.

"Ndugu zangu," alisema, "utani nao una mipaka yake. Kwa niaba ya kamati naomba radhi kwa mama yetu huyu, na kwa wageni wetu wote wa kutoka Katumba. Msamehe, mama. Karibuni sana mkoani Katavi."

Watu walipiga makofi. Walipiga kwa nguvu, kama waliotuliwa mzigo, kwa moyo mmoja. Mama mkwe akatoa mikono kiunoni, akaikutanisha kifuani, akashukuru kwa kuinama, kama mgeni anavyoshukuru. Kisha akakaa. Jirani yangu alirudisha kifuniko mahali pake kwa vidole viwili, na karanga akazirudisha kwenye sahani.

Alinifuata nje baadaye, kwenye pikipiki.

"Bwana mdogo, niambie nimekosea wapi. Mimi nilimtania kama ninavyotaniwa."

"Najua."

"Nilimwona amekaa vile, roho ikaniuma. Mama mtu mzima, kaja na karanga zake, hakuna hata wa kumwibia." Akapangusa uso. "Mimi nimefika mkoa huu nina ndevu. Yeye kanikuta hapa au mimi nimemkuta?"

"Wewe umemkuta."

"Sasa?"

Tulisimama mpaka akaitwa.

Jioni kamati ilikaa kuchagua. Niliitwa niwepo kwa ajili ya kadi za kudumu. Kutoka kila meza walichukua kitu: mzinga, chungu, ile picha ya viboko, kibuyu, ngoma, jembe la zamani la Kifipa. Walipofika meza ya mlangoni walilizunguka kapu.

"Ni kazi nzuri kuliko zote," alisema mwalimu. "Mimi nasema kweli. Lakini limeshaingia kwenye maneno."

Nilimwomba ruhusa ya kusema, nikaeleza kwa mpangilio. Kwamba watu wengi wenye ng'ombe waliingia mkoa huu baada ya Katumba kuwepo, na kibuyu chao kimechaguliwa. Kwamba mama huyu amefyeka sehemu ya ardhi tunayoiita yetu. Kwamba kosa lililotokea halikuwa lake.

"Wale wametoka ndani ya nchi," mjumbe mmoja alisema.

"Na huyu yuko ndani ya nchi."

"Hakuna anayekataa," alisema mwalimu. Alikuwa amechoka. "Lakini fikiria. Watoto wataletwa, wataliona, watauliza hawa ni kabila gani. Mwalimu wao atajibu nini? Atasema walikuwa wakimbizi. Hapo hapo mtoto wa Katumba amesimama katikati ya wenzake. Utakuwa umemsaidia au umemwonyesha kidole? Ngoja. Mwaka mwingine, tukishajua namna ya kulieleza."

Hoja yake haikuwa ya kijinga. Ningependa kuandika kwamba ilikuwa ya kijinga, ningelala vizuri zaidi. Nilitafuta pa kuishika nikakosa, na wao wakahamia kwenye suala la taa za kabati.

Mama mkwe alikuwa anasubiri kwenye benchi la nje. Mjumbe mmoja mwanamke alimpelekea doti ya khanga, zawadi ya kamati. Wenzake wa meza nyingine hawakupewa kitu. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama, kisha akanitazama mimi niliyetoka nyuma nimekumbatia kapu. Alisema tu, "Lifunge vizuri, lisianguke."

Tulirudi kama tulivyokuja, mimi mbele, yeye nyuma. Nilipofika kwake jua lilikuwa bado lipo juu ya mashamba, na majirani zake walikuwa wamekusanyika uani, wanawake wa rika lake na wachache wadogo. Walikuwa wamengoja. Bodaboda yake ilipoingia walinyanyuka. Kisha wakaona nilichokuwa ninafungua kwenye pikipiki, wakasimama pale pale.

Mama mkwe alishuka, akajikung'uta vumbi, akawasalimia wote mmoja mmoja.

"Wamelipenda," alisema. "Wamelipenda sana. Wamesema ni zuri kuliko yote."

"Mbona limerudi?"

"Kabati zao ndogo. Halikuingia." Akaikunjua khanga, akaionyesha. "Ndiyo wakanipa hii."

Wanawake wakaishika khanga, wakaisoma maandishi, wakaipima upana. Mmoja hakuishika. Alikuwa ananitazama mimi, mtu wa mjini, mwenyeji wa mambo yale. Mama mkwe akaona.

"Si kweli, mkwe?"

Kwa desturi zetu na za kwao, mkwe hampingi mama mkwe mbele ya watu. Lakini sitajificha nyuma ya desturi. Hata bila hiyo sijui ningesema nini. Kwamba walimwomba radhi? Kwamba walimpigia makofi?

"Kweli, mama," nikasema. "Kabati ni ndogo."

Yule mwanamke akaitikia kwa kichwa. Alilisogelea kapu, akalipima kwa mikono kutoka chini mpaka kwenye kifuniko, akapunguza kipimo mpaka kama nusu yake.

"La hivi lingeingia?"

Mama mkwe alikitazama kile kipimo. "La hivyo, nadhani."

"Basi mwakani nasuka la hivi. Nyuzi za kijani ulizipata wapi?"

"Kwenye viroba vya mbolea. Ufumue taratibu, zinakatika."

Wakakaa kwenye mkeka, na mama mkwe akaanza kumwonyesha namna ya kuzifumua.